Indiketa ya Land Rover ikigoma, anza na ethi

Hapa Malindi, mtu akiniletea Land Rover Series III na kuniambia, "Fundi, flasha imekufa," huwa namuuliza swali moja kabla sijagusa kitu: upande wa pili unafanya? Akisema unafanya, basi flasha ni nzima. Flasha, kile kidude kinachozifanya indiketa zipepese, ni moja, inahudumia kushoto na kulia, haiwezi kufa upande mmoja. Lakini wengi hufika washanunua mpya, iko kwenye mfuko wa shati, na wauza spea hawapokei tena kitu cha umeme kikishanunuliwa.

Kinachokufa sana huku pwani ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi. Bodi la Land Rover ni la aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na skrubu zinazoshika taa ni za chuma pia. Metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi hulana, na anayeliwa ni aluminiamu. Ule unga mweupe unaouona chini ya kichwa cha skrubu ndio mabaki yake, na umeme haupiti kwenye unga. Gari linalolala Casuarina karibu na bahari lina shida hii, na linalofanya kazi Gongoni au Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndilo usiseme.

Vifaa ni vichache: bisibisi, msasa laini, brashi ndogo ya waya, taa ya kupimia au mita, na waya mrefu wa mita tano wenye klipu kila upande. Huo waya mrefu ndio utakaokufanyia kazi kubwa.

Anza na balbu, kwa sababu haikugharimu kitu kuitazama. Fungua kioo cha taa, isukume balbu ndani kidogo, izungushe, itoe. Usitosheke kuona waya wa ndani haujakatika. Soma wati zake kwenye kitako. Indiketa inataka wati 21, mbele na nyuma. Balbu ya wati 5 ya taa ndogo ina kitako kile kile na inaingia bila kelele, na nimezikuta mara nyingi kwenye magari yaliyotengenezwa usiku njiani. Ukiwa hapo, tazama na mpira wa kioo. Ukishakauka na kupasuka, maji ya kusi yanaingia na kukaa ndani ya taa.

Wati zina maana yake. Ndani ya flasha ya zamani mna ukanda mdogo wa metali unaopashwa moto na umeme ule ule unaokwenda kwenye balbu. Ukipata moto unajipinda, umeme unakatika, unapoa, unarudi. Ndio ule mlio wa tik-tik. Flasha imepimiwa balbu mbili za wati 21, yaani kama ampea tatu na nusu kwa betri ya volti 12. Balbu moja ikiungua, au ethi ikiwa mbovu, umeme unapungua na mwendo unaharibika: taa zinaenda mbio, au zinajivuta, au zinawaka na kukaa vivyo hivyo. Mwendo mzuri ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kwa hiyo flasha inayokwenda ovyo upande mmoja inakueleza habari za taa, si habari zake.

Sasa ethi. Kuna mzee mmoja wa Gongoni, gari lake halijui kupumzika. Alikuja akilalamika kwamba akiwasha indiketa ya kushoto, taa nyekundu ya nyuma nayo inacheza.

"Shikamoo mzee. Flasha umebadilisha?"

"Marahaba mwanangu. Nimebadilisha, na hii ni ya pili."

Taa nyekundu kucheza pamoja na indiketa ni dalili nisiyoitilia shaka. Taa hizo mbili zimekutana kwenye ethi moja, ethi hiyo imeoza, na umeme wa indiketa ukikosa njia ya kurudi betri unajipenyeza kupitia balbu ya jirani. Nilichukua ule waya mrefu, klipu moja kwenye hasi ya betri, nyingine nikaibana kwenye chuma cha ndani ya taa pale balbu inapokaa. Indiketa ikashika mwendo wake, taa nyekundu ikatulia. Nikaiondoa klipu, mchezo ukarudi. Nikamwita mzee aje nyuma aone kwa macho yake, maana ukimweleza tu atakwenda kununua flasha ya tatu.

Ukiwa na mita, pima volti kati ya chuma hicho cha taa na hasi ya betri huku indiketa ikiwaka. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikivuka nusu volti, ethi hiyo si ya kutegemea. Lakini hakikisha kwanza gari lako ni hasi kwenye bodi, yaani upande wa hasi wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Series III zote ni hivyo. Series II na IIA za mwanzo zilikuwa chanya kwenye bodi, na hapo utapima kinyume.

Kutengeneza kwenyewe si kazi. Fuata waya mweusi wa taa mpaka ulipofungwa. Njiani utakuta viunganishi vya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya gari: kichwa cha shaba cha mviringo kilichochomekwa kwenye kijibomba chenye mpira mweusi. Vichomoe. Kikitoka na kutu ya kijani, kisugue mpaka shaba ing'are, na kijibomba kilicholegea usikisugue, kitupe uweke kingine. Pale waya ulipofungwa, kwangua mpaka metali tupu, kaza, kisha paka vaselini juu. Kwa gari la chumvi mimi sihangaiki na bodi tena: natoa waya mpya mweusi kutoka kwenye taa moja kwa moja hadi kwenye bolti ya chesisi iliyokwanguliwa, na kutoka chesisi nahakikisha mshipi mnene wa betri nao ni safi.

Ethi ikiwa nzuri na taa bado haiwaki, tafuta umeme unaokuja. Waya wa kijani wenye mstari mwekundu ni wa kushoto, wa kijani wenye mstari mweupe ni wa kulia. Hayo ni mambo ya kiwandani. Gari lililopita mikononi mwa mafundi watano linaweza kuwa na waya wa stima ya nyumba chini ya dashibodi, na hapo rangi sahau, fuata kwa taa ya kupimia.

Pande zote mbili zikiwa zimekufa ndipo uende kwenye fyuzi, flasha na swichi, kwa mpangilio huo. Fyuzi ni za kioo. Za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kila wakati ni 17, kwa hiyo usiweke ya kisasa ya 35 ukidhani ni mamoja. Utachoma waya kabla fyuzi haijakatika. Flasha ina alama B, umeme unapoingia, na L, unapotoka kwenda kwenye taa. Washa ufunguo, chomoa nyaya hizo mbili, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe bila kugusa bodi, kisha sogeza mkono wa indiketa. Balbu za upande huo zikiwaka bila kupepesa, flasha ndiyo iliyokufa, na hapo nakuruhusu kununua. Zisipowaka ilhali B ina umeme, swichi ya mkono imeshika vumbi. Spirei ya kusafishia umeme na kuisogeza kushoto kulia mara kadhaa huwa inatosha.

Kuna vijana wanaotaka balbu za LED. Zinavuta umeme mdogo mno, ukanda wa ndani ya flasha haupati moto, kwa hiyo taa zinawaka na kuganda. Anayetaka LED anunue na flasha ya elektroniki.

Ukimaliza, usijaribu indiketa peke yake. Washa taa kubwa, mtu akanyage breki, halafu jaribu kushoto na kulia huku wewe umesimama nyuma ya gari. Ethi dhaifu hujificha mpaka ibebeshwe mzigo wote. Njia ya Mombasa madereva wa malori wanakusomea indiketa kama ruhusa ya kupita au kusubiri, na usiku, taa nyekundu inayocheza pamoja na ya njano haisomeki.