Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufufua Land Rover au Land Cruiser ya Zamani Nyumbani

Watu wengi wanaoamua kufufua gari la zamani la kuvuta magurudumu yote manne huanza kwa kufungua boneti na kusikiliza injini. Injini ni jambo la pili. Iliyochoka inaweza kufanyiwa ukarabati au kubadilishwa, na hapa Dar es Salaam hakosekani fundi aliyewahi kushusha injini ya dizeli ya Toyota. Kinachoamua kama gari linastahili fedha na muda wako ni chesisi pamoja na karatasi zake, na yote mawili yanapaswa kukaguliwa kabla hujatoa hata malipo ya awali.

Tuanze na karatasi. Omba kadi halisi ya gari, kisha uiname mwenyewe usome namba iliyogongwa kwenye chesisi. Katika Land Cruiser nyingi za zamani namba hiyo iko kwenye ubavu wa kulia wa chesisi, upande wa mbele, karibu na gurudumu, na mara nyingi imefunikwa na tope, grisi na rangi. Isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usikubali fundi apitishe grainda juu yake, kwa sababu tarakimu zilizosagwa hazirudi, na gari lisilosomeka namba litakutia matatani polisi na TRA (mamlaka ya mapato) kwa pamoja. Ukiona kipande cha chuma kimechomelewa mahali pa namba, au tarakimu hazilingani kwa ukubwa na mpangilio, acha gari hilo hata kama bei yake inavutia. Namba ya injini nayo ilinganishwe na kadi, kwani injini nyingi zilikwisha kubadilishwa bila mwenye gari kutoa taarifa, na wewe mnunuzi ndiye utakayetakiwa kueleza.

Uangalifu wa ziada unahitajika kwa magari yaliyotoka serikalini, kwenye miradi ya wahisani au kwenye balozi. Yapo mengi mjini, na baadhi yake yalitunzwa vizuri kuliko ya watu binafsi. Hata hivyo, gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa kodi hiyo linapohamia kwa mtu asiye na msamaha, na gari la mnada linapaswa kuambatana na nyaraka za mnada wenyewe. Yaulize haya TRA kabla ya kununua, ukiwa na nakala ya kadi mkononi. Kama umepanga kubadili injini au rangi, uliza siku hiyohiyo utaratibu wa kuyaingiza mabadiliko hayo kwenye kumbukumbu za gari.

Ukaguzi wa chesisi hauhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, bisibisi imara na tochi, lala chini ya gari, kisha gonga taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali na wa wazi. Kilicholiwa hutoa mlio mzito uliofifia, na magamba ya kutu hukudondokea usoni, hivyo vaa miwani ya kujikinga. Mahali pa kuchunguza zaidi ni zinaposhikiliwa springi, boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, na sehemu chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli, kwa maana hapo tope huingia ndani ya boksi la chuma na kukaa miaka mingi. Bisibisi ikizama, chuma kimekwisha. Tundu moja linaweza kukatwa na kuwekewa kiraka cha unene uleule, kikichomelewa pande zote. Lakini chesisi yenye viraka juu ya viraka, iliyopakwa lami nyeusi ili ionekane nzima, haifai kujengewa gari. Gari lililoishi Msasani, Kunduchi au Kigamboni limevuta hewa ya chumvi kwa miaka yote hiyo. Lililotoka Dodoma au Singida kwa kawaida huwa na chesisi bora zaidi, na nauli ya kwenda kuliangalia ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuchomelea.

Bodi nazo hazifanani. Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina mabati ya aloi ya aluminiamu yaliyofungwa juu ya chesisi na ukuta wa mbele vya chuma cha kawaida. Wenye magari hayo hujivunia kwamba hayaozi, na hilo ni kweli nusu tu. Metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe, huku ukuta wa chuma ukioza miguuni pa dereva na kwenye nguzo za milango. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 40 na wa 60 bodi ni ya chuma, kwa hiyo tazama mifereji ya paa, pembe za chini za kioo cha mbele na mlango wa nyuma. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya rangi. Pale isiposhika, katika bodi ya chuma, pamejazwa puti nene.

Baada ya kuridhika na gari, angalia mahali utakapolifanyia kazi. Kama umepanga nyumba, pata ruhusa ya mwenye nyumba, na majirani waelezwe mapema kuhusu kelele za grainda na harufu ya rangi. Unahitaji sakafu ya zege au angalau ardhi ngumu iliyosawazishwa, kwa sababu stendi za jeki huzama kwenye mchanga, na sehemu kubwa ya mji wetu ni mchanga. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Mawe na matofali ya kupangwa pia hayafai. Tofali la saruji hupasuka ghafla likielemewa. Oili chafu ikusanywe kwenye madumu yenye mifuniko, isimwagwe mtaroni, maana maji ya mitaro yetu huishia mitoni na baharini.

Majira nayo yana uzito wake. Kazi ya bodi inafaa ianze baada ya masika, kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua za vuli. Hata katika kiangazi hewa ya Dar ni ya unyevu, na bati lililopigwa msasa likaachwa tupu usiku mmoja huamka na kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Kwa hiyo piga msasa eneo unaloweza kulipaka praima siku hiyohiyo, wala usipake rangi ya mwisho asubuhi na mapema wala baada ya mvua.

Kuhusu uchomeleaji, yapo makatazo ambayo hayana mjadala. Tangi la mafuta halichomelewi nyumbani, hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Betri na alteneta vitenganishwe na nyaya kabla mashine haijawashwa. Bati lenye zinki liondolewe zinki kwanza na kazi ifanyike penye upepo, kwa sababu moshi wake huleta homa. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa kampresa wala kwa mdomo, kwani laini za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, kisha ulifute.

Vifaa ni jambo fupi. Toyota hutumia vipimo vya milimita, ilhali Land Rover za zamani zina bolti nyingi za inchi. Spana ya 13 katika nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, inaonekana kukaa, lakini huila nati hiyo mara tu nguvu inapoongezeka. Nunua seti sahihi, na bolti zenye kutu zimwagie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla ya kuzigusa.

Usilipasue gari lote kwa mara moja. Magari mengi yaliyoachwa nyuma ya nyumba, yakiota majani, yalifunguliwa kila kitu kwa wiki moja ya shauku, na mwenyewe akashindwa kukumbuka kipi kilitoka wapi. Maliza mfumo mmoja kabla ya kufungua mwingine. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kifaa, weka bolti kwenye mifuko midogo yenye maandishi, na spea iliyotoka usiitupe mpaka mpya ifungwe ikubali. Unapokwenda Kariakoo, Gerezani au Shauri Moyo, nenda na kifaa cha zamani mkononi, ulinganishe namba, kipenyo na idadi ya meno. Kwa gari la dizeli la Kijapani hakikisha kwanza kama stata ni ya volti 12 au 24, kwa sababu zote mbili zilitoka kiwandani.

Mfumo wa kwanza uwe breki na usukani. Badilisha mipira ya breki yote, fungua masta silinda, kisha kagua lile tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu la mbele. Grisi iliyochanganyika na oili nyepesi humo ndani inaonyesha kwamba sili ya ekseli imekwisha. Katika injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya Toyota, kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe bila kusubiri.

Marekebisho yafikiriwe baada ya gari kuwa zima, na yaongozwe na safari unazozifanya kweli. Anayekwenda shambani Mkuranga wakati wa masika anahitaji matairi mazuri ya tope, rejeta safi na breki za kuaminika kuliko winchi. Matairi ya 235/85R16 yana kimo karibu sawa na 7.50R16 ya asili, kwa hiyo hayavurugi kitu. Ukiweka ya inchi 35, kimo huongezeka kwa takriban asilimia 10: mshale wa spidi ukisoma 80 unakimbia takriban 88, huku breki, beringi na usukani vikibeba mzigo ambao havikutengenezewa. Kunyanyua gari kwa sentimita tano kunaweza kuhitaji mipira mirefu ya breki na kuangaliwa upya kwa pembe za propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), na gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Mimi sishauri kufunga tabo kwenye 1HZ iliyozeeka. Haikutengenezewa tabo, na joto la eksozi likipanda silinda hedi hupasuka.

Anayechanganya ekseli za magari tofauti ahakikishe difu (gia zilizo katikati ya ekseli) la mbele na la nyuma yana uwiano mmoja. La Series ni 4.7 na la Range Rover ya zamani ni 3.54, na watu wamevunja gia boksi kwa kuliweka moja mbele na lingine nyuma. Kupima ni rahisi: ekseli ikiwa juu ya stendi na gia ikiwa nyutro, magurudumu yake mawili yazungushwe pamoja mzunguko mmoja kamili, huku wewe ukihesabu mizunguko ya propela.

Kabla ya kurudi barabarani, mwarifu wakala wa bima juu ya mabadiliko yote, na gari likaguliwe na askari wa usalama barabarani. Safari za kwanza ziwe za kuzunguka mtaani, mbali na barabara ya Morogoro na malori yake. Ukifikisha kilomita 100 hivi, kaza upya nati za magurudumu na yubolti za springi, maana springi zilizofungwa upya hujikalisha na yubolti zikalegea, kisha tazama chini ya kila sili kama kuna tone jipya la mafuta.