Hesabu pumzi za paka wako akiwa amelala

Wenye paka hapa Kigoma naombeni mnisikilize kidogo, paka mwenye shida ya moyo mara nyingi hakohoi wala nini, anakaa tu kimya, anajificha uvunguni, kula kunapungua, na wewe unasema labda kashiba dagaa huko kwa jirani.

Sasa ukimkuta kalala fofofo mwangalie ubavu, ukipanda na kushuka hiyo ni pumzi moja, weka saa ya simu sekunde 30 uhesabu halafu zidisha mara 2. Mzima kwa kawaida hafiki 30 kwa dakika. Akizidi rudia baadaye kidogo (asiwe anakoroma ile ya kufurahi, itakuchanganya), ikibaki juu nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mimi wa kwangu namwandika kwenye daftari kila jioni, daktari akiuliza namwonyesha.

Akihema mdomo wazi, au miguu ya nyuma imelegea ghafla na imepoa huku analia, jamani msisubiri kukuche, hiyo ya miguu inawezekana damu imeganda ikaziba mshipa. Na parasetamo msimpe hata kipande, inaua paka.