Somo: Kumhamisha mbwa kutoka pumba na dagaa kwenda chakula kikavu cha dukani

Mbwa wengi wa ulinzi hapa Dar wamekulia pumba za mahindi na dagaa, siku nyingine mapupu. Mwenye mbwa akipata uwezo, ananunua mfuko wa chakula kikavu na kujaza bakuli jioni hiyo hiyo. Asubuhi mbwa anaharisha, na lawama zote zinakwenda kwa chakula. Mara nyingi chakula hakina kosa. Bakteria wa utumboni wamezoea anachokula kila siku, na wanahitaji siku kadhaa kuzoea kingine.

Hatua ya 1. Anza mbwa akiwa mzima. Usianze wiki aliyochanjwa au kupewa dawa ya minyoo, maana akiharisha hutajua chanzo. Soma mfuko: mbwa mtoto ana chakula chake, mkubwa chake. Kile cha kupimiwa kilo kutoka mfuko uliokaa wazi mimi sikishauri kabisa, kwa sababu unyevu wa pwani huleta ukungu upesi.

Hatua ya 2. Siku ya 1 hadi 3 mpe robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani. Siku ya 4 hadi 6, nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi 9, robo tatu kipya. Siku ya 10, kipya kitupu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: hiyo ni robo ya mlo, si robo ya bakuli. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu, wakati pumba zilizopikwa ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kikombe kimoja cha kikavu kinashibisha kuliko kikombe cha pumba. Tazama jedwali nyuma ya mfuko kulingana na uzito wa mbwa wako. Likisema gramu 320 kwa siku, robo ni gramu 80: 40 asubuhi, 40 jioni. Pumba nazo unazipunguza kwa robo.

Hatua ya 3. Kila asubuhi angalia kinyesi, kisha ndipo uangalie kalenda. Kikiwa kimeshikana na kinaokoteka, songa mbele. Kikilainika kama uji mzito, baki kwenye kipimo hicho siku mbili tatu zaidi. Kikiwa majimaji, rudi kipimo cha nyuma. Akitapika, akilegea au ukiona damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa mbwa mtoto asiyechanjwa damu hiyo inaweza kuwa dalili ya parvo, ugonjwa wa virusi ambao huua ndani ya siku chache.

Hatua ya 4. Maji safi yawepo muda wote. Atakunywa zaidi ya zamani.

Maswali ya wadau

*Mkuu, wangu anachambua dagaa, punje za chakula kikavu anaziacha. Nimwache na njaa?*
Saga dagaa, kisha loweka punje kwenye supu ya dagaa ya uvuguvugu isiyo na chumvi wala vitunguu. Vitunguu maji na saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Baada ya dakika 20 ondoa bakuli. Mbwa mkubwa mwenye afya akiruka mlo mmoja hadhuriki. Akimaliza siku nzima hajala, muone daktari.

*Hela haitoshi mwezi mzima. Naweza kuchanganya siku zote?*
Ndiyo dada, ila kipimo kisibadilike. Kinachomuumiza ni wiki mbili za dukani, wiki mbili za pumba. Na pumba zenye ukungu usimpikie: sumukuvu huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

*Nimepewa mtoto wa wiki nane, alikuwa anapewa maziwa ya ng'ombe.*
Maziwa yaache, yana laktosi (sukari ya maziwa) nyingi kuliko ya mama yake na huharisha. Omba kwa aliyekupa chakula kingine alichozoea, umlishe hicho mpaka azoee nyumba, ndipo uanze robo. Mgawie milo mitatu au minne kwa siku.

*Amemaliza kuhamia, lakini kinyesi kimekuwa kidogo sana. Anaumwa?*
Haumwi. Pumba zina nyuzinyuzi nyingi zinazotoka bila kusagwa. Mpapase mbavu kila wiki: uzisikie kwa vidole, lakini zisionekane zimechomoza. Zikianza kuchomoza, ongeza chakula kidogo kidogo.