Kabla hujamwaga vifaranga vya samaki kwenye bwawa la pwani

Tuta lisivuje. Wavu wa mlango wa maji uwe mzima. Vifaranga wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, na mifuko ya oksijeni isipigwe jua. Hayo unayajua.

Mimi niliumizwa na chumvi. Nilinunua sato 500 waliozalishwa kwenye maji baridi, na bwawa langu liko nyuma ya mikoko. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nikachota maji kwa kiganja, nikaonja: chumvi ya mbali tu. Nikaelesha mifuko nusu saa ili joto lilingane, nikamwaga. Jioni niliwakuta wamejikusanya pembeni, macho yamedidimia, migongo imekonda kama wenye njaa ya wiki. Kesho yake nikawaopoa kwa ndoo. Kumbe maji ya mvua ni mepesi, yalitanda juu. Niliposhusha chupa hadi chini kwa ufito, kipimo cha kuazima kikaonyesha gramu 24 kwa lita.

Elewa kilichowaua. Damu ya samaki ina chumvi kama gramu 10 kwa lita. Kwenye maji baridi, maji humwingia yenyewe kupitia matamvua, viungo vyake vya kupumulia, kwa hiyo hukojoa sana, huku matamvua yakinyonya chumvi. Kwenye chumvi kali mambo hugeuka: maji humtoka, inambidi anywe yaleyale ya chumvi, na matamvua yaitoe nje. Sato anaweza kugeuza kazi hiyo, ila seli za matamvua zinahitaji siku kadhaa. Wangu niliwapa nusu saa. Walikauka wakiwa ndani ya maji.

Basi pima chini, kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, si kwa ulimi. Waweke kwanza kwenye tangi, uongeze gramu 2 au 3 kwa lita kila siku, na sato usimpitishe 15. Maji yako yakiwa ya bahari kabisa, fuga mwatiko, samaki wa baharini; kambale msahau. Usiwashike kwa mikono mikavu, maana ute na magamba yakitoka, ngozi haizuii tena maji wala chumvi. Pima tena kila bamvua, bahari inapojaa sana, pima masika, pima kiangazi jua linapokausha maji na kuacha chumvi. Na muuzaji akikuambia vifaranga wake wamezoea chumvi, muulize gramu ngapi, kisha pima maji ya mfuko mwenyewe kabla hujalipa.