Biskuti laini za sikukuu kwa joto la Mtwara: kusukuma, kukata na kupamba

Biskuti za dukani hukaushwa mpaka ndani ili zikae miezi kwenye pakiti. Za nyumbani zinaliwa ndani ya siku nne tano, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzikausha hivyo. Ninazoeleza hapa ni nene, laini katikati, kingo zimekatika vizuri, na juu zina aisingi inayokauka kiasi cha kuzipanga kwenye sahani bila kushikana. Zinafaa Idi, zinafaa Krismasi, na huku kwetu sahani za sikukuu zote mbili zinavuka ua kwenda kwa jirani.

Tatizo ni kwamba mapishi mengi ya biskuti hizi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanaacha siagi mezani ilainike. Hapa Mtwara, Novemba na Desemba kabla mvua haijakolea, joto la mchana linafika nyuzi 31 au 32, na siagi nayo inaanza kuyeyuka humohumo kwenye nyuzi 32. Ndiyo maana mtu anakata nyota nzuri, akitoa trei kwenye oveni anakuta vidude vya duara vimeshikana. Karibu kila ninachosema chini kina lengo moja: donge lisipate joto kabla halijaingia motoni.

Vitu vya kuandaa (zinatoka biskuti 25 hadi 30 za upana wa sentimita 6 au 7)

Unga wa ngano gramu 400
Konflawa vijiko 2 vya chakula
Beking pauda kijiko 1 na nusu cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai
Siagi gramu 200, ya baridi kiasi
Sukari gramu 180
Yai 1 zima na kiini 1 cha ziada
Mtindi mzito vijiko 3 vya chakula
Vanila kijiko 1 cha chai, au iliki iliyosagwa nusu kijiko

Usiuache mtindi. Uchachu na mafuta yake ndivyo vinavyofanya biskuti ibaki laini hata kesho yake, na konflawa inaupunguzia unga nguvu ya kuvutika. Kama siagi imekushinda bei, tumia majarini ngumu ya kupikia. Zile laini sana za kupaka kwenye mkate zina maji mengi, na biskuti itatanuka.

Ukitaka ladha ya kwetu, toa gramu 50 za unga uweke gramu 50 za korosho. Nunua vipande vilivyovunjika wakati wa kubangua. Bei yake ni nafuu kuliko korosho nzima na kwa kazi hii havina upungufu wowote. Kaanga bila mafuta mpaka zinukie, ziache zipoe kabisa, kisha twanga pamoja na kijiko kimoja cha unga uleule ili zisigeuke uji wa mafuta kwenye kinu. Mkipeleka kwa jirani, mwambie kuna korosho ndani. Wapo watu ambao miili yao haizipokei.

Kuchanganya

Anza alfajiri, au usiku baada ya chakula, jiko likiwa limepoa. Siagi iwe bado ngumu kidogo: ukiibonyeza kwa kidole iache alama, lakini kidole kisizame wala kisitoke kinang'aa mafuta. Ichanganye na sukari kwa mwiko dakika moja au mbili tu, mpaka vishikane. Usiipige kama ya keki mpaka ikawa nyeupe na kufura, maana hewa unayoingiza ndiyo itakayoumua biskuti na kupoteza umbo.

Weka yai, kiini, vanila na mtindi. Mchanganyiko unaweza kuonekana kama umekatika. Usijali, unga utaushika. Chekecha unga, konflawa, beking pauda na chumvi pamoja, mimina kwa mara mbili, na uache kukoroga mara tu usipouona tena unga mkavu. Donge litakuwa laini na litanata kidogo mkononi. Hapa ndipo wengi wanapoongeza unga ili lisinate, na ndipo ulaini unapopotea. Liache hivyohivyo. Baridi italifanyia kazi.

Sukuma kwanza, poza baadaye

Watu wengi wanapoza donge likiwa bonge, kisha wanapambana nalo likiwa gumu, na likianza kulainika ndiyo kwanza wanafika kwenye kukata. Geuza mpango. Gawa donge mara mbili. Kila nusu iweke katikati ya karatasi mbili za kuokea, sukuma kwa kifimbo cha chapati likiwa bado laini, mpaka unene wa milimita 8. Ili unene ulingane pande zote, mwombe seremala akukatie vijiti viwili vya unene huo, uvilaze kulia na kushoto kwa donge, kifimbo kipite juu yake. Biskuti za unene mmoja zinaiva pamoja. Za unene tofauti zitakupa mbichi na zilizoungua kwenye trei moja.

Sasa laza hizo karatasi na donge lake juu ya sinia, ingiza kwenye friji dakika 40, au kwenye friza dakika 15 hadi 20. Kwa sababu ni bapa, baridi inaingia haraka mpaka katikati. Ukiinua pembe ya karatasi na donge likasimama bila kupinda, liko tayari.

Huna friji? Nunua barafu mbili tatu kwa jirani anayegandisha, zipange kwenye beseni pana, funika kwa kitambaa kikavu, weka sinia juu yake, na sinia jingine la chuma lenye barafu juu ya donge. Itachukua saa nzima au zaidi, lakini inafanya kazi. Hakikisha tu maji ya barafu hayaingii kwenye karatasi.

Kukata

Bandua karatasi ya juu, irudishe kwa wepesi, pindua donge, bandua ya pili. Usipofanya hivyo biskuti zitang'ang'ania chini.

Kama huna vibati vya kukatia, glasi ya chai inatosha sana. Chovya mdomo wake kwenye unga, kata duara. Kisha isogeze glasi pembeni uikate tena duara ileile: upande mmoja unapata mwezi mwandamo wa Idi, na kipande kinachobaki kina ncha mbili kama jicho. Usikirudishe kwenye donge. Kibonyeze ncha moja iwe mkia, toboa tundu dogo la jicho kwa kijiti, umepata samaki. Watoto wa Shangani na Mikindani watagombania samaki kabla ya mwezi. Kwa nyota na mti wa Krismasi, fundi bati anaweza kukukunjia ukanda wa bati jipya safisafi kwa muda mfupi. Kingo ya juu aikunje isikukate kiganja.

Mabaki yakusanye, yasukume mara moja tena, yapoze. Safari ya tatu yanakuwa magumu. Hayo oka tu kama vipande vya watoto. Zilizokatwa zipange kwenye trei kwa nafasi ya vidole viwili, na kama kazi imechukua muda, rudisha trei nzima kwenye baridi dakika 10 kabla ya kuoka.

Kuoka

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 175. Dakika 9 au 10 zinatosha. Usisubiri rangi juu! Biskuti hizi zinatolewa zikiwa bado nyeupe: juu pasiwe na mng'ao wa ubichi, na ukiinua moja kwa kisu, chini iwe imeanza rangi ya dhahabu. Zitaonekana kama hazijaiva. Ziache palepale kwenye trei dakika 5, zimalizikie kwa joto lililobaki, ndipo uzihamishe. Dakika mbili za ziada motoni ndiyo tofauti kati ya biskuti laini na ya kuchovya kwenye chai.

Kwa mkaa, tumia sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu safi chini, weka vijiwe vitatu, funika, ipashe moto dakika 15. Trei ndogo ikae juu ya vijiwe. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, na chini uache kidogo tu, maana chini ndiko kunakoungua. Oka biskuti moja peke yake kwanza, uangalie saa. Hiyo moja itakuonyesha muda wa moto wako kwa siku hiyo; mkaa wa leo si wa jana.

Aisingi

Subiri biskuti zipoe kabisa, zisiwe hata na uvuguvugu. Chekecha gramu 250 za sukari ya aisingi. Isipopatikana dukani, saga sukari nyeupe kavu kwenye blenda na kijiko cha konflawa, chekecha mara mbili. Tia maji ya ndimu kijiko 1 cha chai, kisha maji kijiko kimoja kimoja cha chakula, kama viwili hivi jumla. Natumia maji badala ya maziwa kwa sababu zitakaa mezani kwenye joto, na nakwepa ute wa yai mbichi kwa sababu hiyohiyo.

Pitisha kisu katikati ya bakuli na uhesabu. Mstari ukijifuta ndani ya sekunde 10, hiyo ni ya kujazia. Ukikaa mpaka 20, hiyo ni ya kuchorea ukingo. Gawa bakuli mbili, moja nzito, moja nyepesi. Kunja karatasi ya kuokea kama ile ya karanga za kufunga, kata ncha ndogo, chora ukingo, ngoja dakika 10, kisha jaza katikati na usambaze kwa kijiti cha meno.

Rangi nyekundu loweka rozela kwenye maji kidogo ya moto, yachuje, yapoe, utumie badala ya maji ya kawaida. Manjano, ncha ya kijiko tu inatosha. Ikizidi utaisikia ulimini. Rangi mbili zikigusana zikiwa mbichi katika unyevu wetu wa pwani, nyekundu itahamia kwenye nyeupe. Kausha ya kwanza angalau saa mbili mbele ya feni, ndipo uweke ya pili.

Kukausha na kuhifadhi

Ziache usiku kucha kwenye chumba chenye feni, mbali na jiko na birika. Mvua ikinyesha, ongeza nusu siku. Sisimizi watakuja, kwa hiyo simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji.

Zikishakauka, panga kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka, samaki na miezi chini, nyota juu kwa sababu ncha zake zinavunjika. Usiziweke kwenye friji: ukizitoa zitatoka jasho na rangi itachuruzika. Za kupeleka Masasi au Newala kwa basi, zisimamishe wima zikiwa zimebanana, ndoo uipakate mwenyewe.