Kuchanganua na Kuhakiki Mipangilio ya Ubanaji wa Data Katika Hifadhidata

Mpangilio wa ubanaji ni maandishi mafupi tu, kama `zstd:level=9,workers=4` (algoriti ya zstd, kiwango cha 9, nyuzi 4, yaani kazi 4 zinazoendeshwa sambamba), lakini ndiyo yanayoamua ukubwa wa nakala rudufu, mzigo wa prosesa, na kama data itafunguka ikihamishiwa mashine nyingine. Ubaya wa makosa yake ni kwamba hayajitokezi mapema. Programu ikipokea thamani mbovu na kuendelea kimyakimya, mwenye data atajua siku diski imejaa, au siku anahitaji kurejesha data na faili halifunguki. Kazi yote inayofuata ina lengo moja: mpangilio mbovu ukataliwe kabla baiti ya kwanza haijaandikwa, na mtumiaji aambiwe waziwazi ni neno gani limekataliwa.

Mifano mingi hapa inatoka programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 15 ina sarufi nzuri ya kuigwa katika `pg_basebackup`, zana ya kuchukua nakala rudufu ya seva nzima: jina la algoriti, nukta pacha, kisha machaguo yaliyotenganishwa kwa koma. Toleo la 16 lilileta sarufi hiyohiyo kwenye `pg_dump`, zana ya kutoa hifadhidata moja kwenye faili.

Kazi ni mbili, usizichanganye

Kuchanganua ni kujibu swali "mtumiaji ameandika nini?" Kuhakiki ni kujibu "je, alichoandika kinawezekana?" Maandishi `gzip:level=juu` yana kosa la sarufi, kwa sababu kiwango lazima kiwe namba. Maandishi `gzip:workers=3` hayana kosa lolote la sarufi. Tatizo lake ni kwamba gzip haina uwezo wa kugawa kazi kwa nyuzi kadhaa. Ukiyashughulikia yote mawili katika funksheni moja, utaishia na msitu wa `if`, na kila ukiongeza algoriti mpya utagusa sehemu inayokata maandishi, ambayo ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Kichanganuzi kijaze muundo kama huu:

```c
typedef struct
{
    Algoriti  algoriti;
    unsigned  yaliyotajwa; /* biti moja kwa kila chaguo lililoandikwa */
    int       kiwango;
    int       nyuzi;
    bool      masafa_marefu; /* chaguo la long */
    char     *kosa; /* NULL kama hakuna kosa */
} MpangilioUbanaji;
```

Sehemu mbili zinahitaji maelezo. `yaliyotajwa` ipo kwa sababu kutoandika `workers` si sawa na kuandika `workers=0`. Kwa gzip, la kwanza ni halali na la pili linapaswa kukataliwa, ingawa thamani ndani ya muundo ni sifuri katika hali zote mbili. Bila biti hiyo, kihakiki hakina namna ya kuzitofautisha.

`kosa` linabeba ujumbe badala ya kichanganuzi kusimamisha programu chenyewe. PostgreSQL inafanya hivyo kwa sababu kodi hiyohiyo inatumika ndani ya seva na ndani ya zana za mteja, na pande hizo mbili hutoa taarifa za makosa kwa njia tofauti. Anayeita funksheni ndiye aamue la kufanya.

Kukata maandishi kwa mpangilio sahihi

Anza na kiambishi cha mahali ubanaji utakapofanyika: `client-` (kwa mteja) au `server-` (kwenye seva). Linganisha kiambishi kizima, neno kwa neno. Usikate kwenye kistari cha kwanza utakachokiona, maana zstd ina viwango hasi, na `zstd:level=-5` itakatika katikati ya namba.

Kisha angalia kama kilichobaki ni namba tupu. Hii ni desturi ya zamani ambayo haiwezi kuvunjwa: watu wana skripti zenye `--compress=6`. PostgreSQL inaichukua namba tupu kuwa gzip ya kiwango hicho, isipokuwa 0, ambayo maana yake ni kutobana kabisa.

Kama si namba tupu, kata kwenye nukta pacha ya kwanza. Upande wa kushoto ni jina la algoriti. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: kulinganisha kwa `strncmp(jina, "lz4", urefu)`, ambapo `urefu` ni idadi ya herufi alizoandika mtumiaji. Kwa njia hiyo `lz` itapita kama lz4, na jina tupu litalingana na algoriti ya kwanza kwenye orodha yako. Nakili kipande hicho, kifunge kwa baiti ya sifuri, halafu tumia `strcmp`.

Upande wa kulia wa nukta pacha ukiwa namba tupu, ni kiwango: `zstd:5` ni sawa na `zstd:level=5`. La sivyo, pita koma kwa koma, na ndani ya kila kipande tafuta alama ya sawa. Kipande kitupu ni kosa, iwe ni `gzip:` au ile koma ya mwisho katika `gzip:level=9,`. Mara nyingi koma iliyobaki ni ishara kwamba skripti ilitakiwa kuweka kitu pale na kigeu chake kilikuwa kitupu, kwa hiyo kuisamehe ni kuficha hitilafu ya mtu mwingine.

Chaguo lililorudiwa, kama `level=3,level=9`, nalo likataliwe. Zipo programu zinazochukua la mwisho. Mimi naona hilo ni kosa la usanifu: hakuna mtu aliyekusudia viwango viwili. Biti za `yaliyotajwa` tayari zinakuonyesha marudio, kwa hiyo ukaguzi huu ni mstari mmoja wa kodi.

Namba, na jinsi `strtol` inavyokudanganya

Sehemu hii inaonekana ndogo, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi.

```c
bool soma_namba(const char *s, int *tokeo)
{
    char *mwisho;
    long  n;

    if (*s != '-' && !isdigit((unsigned char) *s))
        return false;
    errno = 0;
    n = strtol(s, &mwisho, 10);
    if (mwisho == s || *mwisho != '\0')
        return false;
    if (errno == ERANGE || n < INT_MIN || n > INT_MAX)
        return false;
    *tokeo = (int) n;
    return true;
}
```

Ukaguzi wa herufi ya kwanza upo kwa sababu `strtol` huruka nafasi tupu na hukubali alama ya kujumlisha, bila wewe kuiomba. Msingi umewekwa 10 wazi, kwa sababu ukiweka 0, `010` itasomwa kama namba ya msingi wa nane na mtumiaji atapata kiwango cha 8. Ulinganisho wa `mwisho == s` unakamata maandishi yasiyo na tarakimu yoyote. Bila huo na ule wa herufi ya kwanza, `level=` inarudisha 0, na kwa zstd 0 maana yake ni "tumia kiwango cha kawaida", basi kosa linapita bila mtu kujua. `*mwisho` inakamata `9x`.

Mstari wa `INT_MAX` una sababu nzito. Kwenye mashine ambazo `long` ina biti 64, `4294967297` inasomwa sawasawa bila `ERANGE` (ishara kwamba namba imepita uwezo wa `long`). Ukiibana ndani ya `int` ya biti 32, inabaki 1. Yaani mtumiaji ameandika upuuzi na amepata kiwango halali kabisa.

Mipaka ya viwango na sifuri yenye sura nyingi

Katika PostgreSQL, gzip inapokea 1 hadi 9, lz4 inapokea 1 hadi 12, na zstd inafuata mipaka ya maktaba yake: juu 22, chini -131072, na kiwango cha kawaida 3. Kwa zstd usiandike namba hizo kwa mkono. Ziulize kwa `ZSTD_minCLevel()` na `ZSTD_maxCLevel()`, ili maktaba ikibadilika mipaka yako ibadilike nayo.

Sasa angalia thamani za kawaida. Ya gzip ni -1, ambayo zlib, maktaba inayobana gzip, yenyewe huitafsiri kuwa kiwango cha 6. Ya lz4 ni 0. Zote mbili ziko nje ya mipaka uliyotoka kuiweka! Kihakiki kikiangalia mipaka peke yake, kitamkataa mtu aliyeandika `lz4` bila kutaja kiwango. Sharti sahihi ni hili:

```c
if ((m->kiwango < chini || m->kiwango > juu) &&
    m->kiwango != cha_kawaida)
```

Kwa hiyo sifuri moja ina majibu manne. Peke yake ni kutobana. Kwa `gzip:0` ni kosa, ingawa zlib ingeikubali na kuhifadhi data bila kuibana. Kwa lz4 ni kiwango cha kawaida. Kwa zstd iko ndani ya mipaka, na maktaba huigeuza kuwa 3. Andika jaribio kwa kila moja.

Algoriti `none` isipokee chaguo lolote. `none:level=1` ni kosa, hata kama kuipuuza hakuleti madhara, kwa kuwa aliyeiandika anaamini data yake inabanwa.

Yanayopita sarufi na mipaka, na bado yanagoma

Maandishi yanaweza kuwa safi na namba ikawa ndani ya mipaka, lakini programu ilikompailiwa bila maktaba ya lz4. Litambue jina lz4 hata hivyo, kisha sema kwamba toleo hili halikujengwa nayo. Ukijibu "algoriti haijulikani", mtumiaji atatafuta kosa la tahajia ambalo halipo.

Hali nyingine ni mpangilio mmoja kugongana na mwingine. `pg_basebackup` ikibana upande wa mteja inahitaji umbo la tar (faili linalokusanya mafaili mengi). Ikiombwa umbo la kawaida inakataa. `pg_dump` kwa umbo la tar haibani kabisa. Ukaguzi wa aina hii ufanyike baada ya amri yote kusomwa, maana mtumiaji yuko huru kuandika `-Z` (ubanaji) kabla ya `-F` (umbo).

Ubanaji ukifanyika kwenye seva, zana ya mteja isihakiki machaguo. `pg_basebackup` huyatuma jinsi yalivyo, na seva ndiyo inayoyachanganua. Seva inaweza kuwa mpya kuliko mteja na kujua chaguo ambalo mteja halijui. Mteja akilikataa, anazuia kitu kinachowezekana.

Mwisho kuna maktaba yenyewe. `workers` kwa zstd inategemea libzstd iliyojengwa kwa nyuzi nyingi, na huwezi kujua hilo kwa kuangalia maandishi. Ita `ZSTD_CCtx_setParameter`, pitisha matokeo kwenye `ZSTD_isError`, na ufanye hivyo kabla ya kufungua faili la kuandikia. Chaguo la `long` nalo lina gharama ya kuandikwa kwenye nyaraka: linapanua dirisha la zstd hadi MB 128, na anayefungua faili anahitaji kumbukumbu hiyo pia.

Mipangilio inayokaa kwenye faili la usanidi

Kosa kwenye mstari wa amri linaonekana papo hapo. Kwenye faili la usanidi linaweza kulala. Ukiandika thamani mbovu ya `default_toast_compression` (njia ya kubana thamani kubwa za majedwali) ndani ya `postgresql.conf` kisha ukaomba seva isome upya, seva inaandika kosa kwenye logi na kuendelea na thamani ya zamani. Siku ya kuizima na kuiwasha, inagoma kuwaka. Kabla ya kuondoka, endesha:

```sql
SELECT sourcefile, sourceline, name, setting, error
FROM pg_file_settings WHERE error IS NOT NULL;

SELECT name, enumvals FROM pg_settings
WHERE name IN ('default_toast_compression', 'wal_compression');
```

Hoja ya pili inakuonyesha thamani ambazo seva yako inazikubali kweli, kulingana na ilivyojengwa. Kumbuka pia kwamba kubadili `default_toast_compression` hakugusi data iliyokwisha hifadhiwa. Funksheni `pg_column_compression()` itakuonyesha kila thamani ilibanwa kwa njia gani.

Kwa MySQL, hifadhidata nyingine, acha `innodb_strict_mode` (ukaguzi mkali wa mipangilio ya majedwali) iwe imewashwa. Ikizimwa, `KEY_BLOCK_SIZE=5` (ukubwa wa kurasa zilizobanwa, kwa KB) haitakataliwa, ingawa thamani halali ni 1, 2, 4, 8 na 16. Utapata onyo tu, na jedwali litaundwa kwa ukubwa mwingine ambao hukuuchagua. Skripti nyingi hazisomi maonyo.

Majaribio ya kuanzia

```
gzip                  sawa, kiwango -1
6                     sawa, gzip kiwango 6
0                     sawa, hakuna ubanaji
zstd:-5               sawa
zstd:long,workers=2   sawa
zipu                  algoriti haijulikani
lz                    algoriti haijulikani
gzip:                 chaguo tupu
gzip:level            chaguo linahitaji thamani
gzip:level=           thamani si namba
gzip:1t               chaguo halijulikani
gzip:level=236        nje ya mipaka
zstd:4294967297       lazima ikataliwe
gzip:workers=0        gzip haina nyuzi
none:1                none haipokei kiwango
```

Jaribio lisikague tu kwamba kuna kosa. Likague maneno ya ujumbe. `gzip:1t` ikikataliwa kwa sababu ya mipaka badala ya jina la chaguo, basi kichanganuzi kimesoma 1 na kuitupa `t`, na siku moja kitaitupa herufi yenye maana. Ujumbe utaje algoriti, thamani iliyoandikwa na mipaka inayokubalika, kwa mfano: *gzip inahitaji kiwango kati ya 1 na 9; umeandika 236*.