Anza na mkanda: kupanga vifaa vya mlenga shabaha, hatua kwa hatua

Pesa za mlenga shabaha mpya huishia kwenye vitu vinavyoonekana: begi lenye velkro kila upande, glavu zisizo na vidole, buti za rangi ya jangwa. Bastola yenyewe unaikuta inaning'inia kwenye mkanda wa suruali ya kanisani. Hapa tutaenda kinyume. Tunaanza kiunoni, halafu tunaongeza kidogo kidogo.

Nimemwandikia mtu wa Nakuru, au wa huko chini Kisumu, ambaye tayari ana leseni, ana kazi zake za wiki nzima na anapenda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, wikendi. Kama leseni bado, hatua za tochi, turniketi (ukanda wenye kijiti, wa kukaza mkono au mguu ili damu ikome) na masikio zinakuhusu hata leo. Hizo nyingine zisubiri jibu la Bodi ya Leseni za Silaha.

Hatua ya 1: Soma leseni yako kabla ya kusoma bei

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haikupi ruhusa ya jumla. Leseni inataja silaha gani na risasi kiasi gani, kwa hiyo hesabu ya risasi unazonunua na kuweka nyumbani inaanzia kwenye karatasi hiyo. Jambo la pili ni nguo. Usinunue suruali au kofia ya madoadoa inayofanana na kombati za jeshi au polisi, hata kama muuzaji wa mitumba anakuapia kwamba ni fasheni tu. Raia kuvaa sare hizo ni kosa. Kijivu, kahawia au jinzi ya kawaida inatosha, na tena mtu asiyetazamwa na kila jicho stendi ya matatu amefaulu nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Mkanda

Bastola ya Glock 19 iliyojaa risasi ina uzito wa karibu gramu 850. Uzito huo ukiwa upande mmoja wa kiuno kutwa nzima, mkanda laini unapinda, ala (kifuko cha bastola) inainama kwa nje, na wewe unaanza kushikashika kiuno kila ukiinuka. Huko kushikashika ndiko kunakokuumbua.

Tafuta mkanda wa upana wa milimita 38, yaani inchi moja na nusu. Si lazima uagize ng'ambo. Fundi wa viatu anayejua kazi atakutengenezea: mpe ngozi ya ng'ombe, mwambie abandike vipande viwili mgongo kwa mgongo kwa gundi, kisha ashone kingo zote mbili kwa uzi wa nailoni. Ukienda kuuchukua, ushike ncha moja mbele yako, ubavu ukiangalia chini. Mkanda mzuri unanyooka kama rula kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Ukilegea palepale mkononi, mrudishie aongeze ngozi.

Pima kiuno ukiwa umevaa bastola tupu ndani ya ala yake. Ukibeba ndani ya suruali, hata suruali yenyewe itahitaji nafasi zaidi.

Hatua ya 3: Ala

Hapa usibane matumizi. Ala lazima itimize mambo matatu: ifunike kifyatulio chote, mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka, na ishike silaha bila kutegemea mvutano wa mkanda. Zile za nailoni za kuingia bastola yoyote hushindwa angalau moja kati ya hayo. Chukua Kydex, plastiki ngumu, au ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa.

Jaribio lake ni hili. Toa magazini, vuta slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho kisha ingiza kidole kuhakikisha. Risasi zote zibaki chumba kingine. Weka bastola kwenye ala, simama kando ya kitanda, geuza ala juu ya godoro, mdomo chini na uitikise. Ikianguka kwenye godoro, ala hiyo haikufai. Isipoanguka, jaribu kuivuta kwa mshiko kamili: isikulazimishe kung'ang'ana.

Kuna jambo ambalo watu wa Nakuru hasa wanapaswa kulizingatia. Mji uko juu, kama mita 1,850, na asubuhi hakuna anayetoka bila jaketi. Jaketi linaficha vizuri, lakini zile kamba za chini zenye kishikizo cha plastiki zinapenda kuingia mdomoni mwa ala wakati unarudisha bastola. Kamba ikinasa kwenye kifyatulio huku unasukuma chini, risasi itatoka na paja ni lako. Zikate au uzishonee ndani. Na kila unaporudisha silaha, sogeza nguo kwa mkono mwingine, tazama ala, halafu ingiza polepole, kidole kikiwa kimenyooka ubavuni mwa silaha. Hakuna shindano duniani linalotoa pointi kwa kurudisha haraka.

Kisumu shida ni nyingine: joto, shati jepesi na jasho. Huko nachagua ala yenye ngao ndefu inayotenganisha chuma na ngozi ya mwili, na shati la kitambaa kizito kidogo lenye mistari au maua. Shati jeupe la kubana huchora bastola yote.

Hatua ya 4: Tochi ya mkononi

Hata kama bastola yako ina taa yake, beba tochi ya pekee. Taa iliyofungwa kwenye silaha inakulazimisha kuelekeza mtutu mahali popote unapotaka kuona, na stima zikipotea usiku unachotaka kuona mara nyingi ni mtoto wako anayetafuta choo.

Mwanga wa lumeni 500 hadi 1,000 unatosha, swichi iwe mkiani, betri iwe ya kuchaji. Nyingi hutumia betri ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18, urefu milimita 65. Nzuri za kweli zina uwezo wa kuzunguka mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900 kibandani, hiyo ni hadithi ya abunuwasi. Iache hapo hapo.

Hatua ya 5: Turniketi

Kama ningeruhusiwa kubeba kitu kimoja tu katika orodha hii, ningechukua hiki. Mtu anayepita Salgaa na Sachang'wan kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, au anayepanda bodaboda kila siku, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mguu unaovuja damu kuliko kutoa bastola.

Nunua ya kweli, kwa mfano ile inayoitwa CAT, kutoka kwa muuza vifaa vya hospitali unayeweza kumrudia. Za bandia zinafanana sana kwa macho, ila kijiti chake huvunjika pale unapokaza kwa nguvu.

Namna ya kuitumia: ipitishe kwenye mkono au mguu, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni. Kamwe isifungwe kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe. Vuta ukanda mpaka usiingie kidole chini yake, ndipo uzungushe kijiti hadi damu ikome. Kifunge, andika saa, na usikilegeze njiani. Hiyo ni kazi ya daktari. Mgonjwa atapiga kelele kwa maumivu, na maumivu si dalili kwamba umekosea.

Fanya mazoezi nyumbani kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto, gizani pia. Nunua ya pili kwa mazoezi, maana ile inayokazwa kila wiki huchoka.

Hatua ya 6: Masikio na macho

Mlio wa bastola ya 9mm hufika karibu desibeli 160 sikioni mwa mpigaji, na kelele ya mpigo inaanza kudhuru kwenye 140. Vaa vizibo vya sponji, kisha kofia za masikio juu yake. Kizibo usikibandike tu mlangoni mwa sikio: kizungushe kati ya vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande mwingine kupitia nyuma ya kichwa, sukuma ndani, shikilia hadi kivimbe. Miwani iwe na alama ya Z87 au EN 166, ambazo ni viwango vya usalama wa macho. Funga kola ya shati, kwani ganda la risasi la moto likitumbukia kifuani linamfanya mtu azime akili na kugeuka na mtutu mkononi.

Hatua ya 7: Begi la renji

Begi lolote la shule linafaa. Maji, brashi, mafuta, kitambaa, kalamu, turniketi mfuko wa nje. Weka na sabuni: moshi wa bastola una madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, hivyo nawa mikono na uso kwa maji baridi kabla ya kugusa mahindi choma. Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi hunata kwenye mafuta mengi, kwa hiyo paka tone moja moja kisha futa. Ukirudi kutoka Kisumu, futa jasho siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza.

Hatua ya 8: Njiani na nyumbani

Mlinzi wa jengo akitaka kukupekua, mwambie kwa sauti ya chini kwamba una silaha yenye leseni, mikono ikionekana, kabla mashine haijalia. Mahali wanapokataa silaha, usiiache kwenye gari. Rudi nyumbani kwanza. Unakokwenda kukiwa na pombe, bastola isitoke kabisa kwenye sefu.

Jioni, vua ala na bastola ikiwa bado ndani yake, vyote viingie sefuni pamoja, ili kifyatulio kisibaki wazi hata sekunde moja. Sefu iwe imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na ufunguo usikae juu ya kabati, kwa sababu watoto wa nyumba nzima wanajua hapo ndipo funguo zinapokaa.